Nilimpeleka mdogo wangu akasingwe Langoni, haya ndo maoni yangu

Kama kuna mtu wako anaolewa Lamu na hutaki mambo ya saluni za haraka haraka, kuna bi mkubwa mmoja mtaa wa Langoni anasinga, yani anasugua mwili kwa singo ya maua na liwa mpaka nongo zitoke, na kupamba maarusi nyumbani kwake, na mimi nasema bila kuzunguka kwamba sijawahi kulipia huduma ya mwili nikaridhika hivi. Jina lake siliweki kwa sababu mwenyewe hapendi mambo ya mtandao, hana bango mlangoni, hana ukurasa wowote, hata picha hataki. Ukifika Langoni uliza kina mama nyumba ya yule anayesinga maarusi utaonyeshwa, mji wenyewe kila mtu anajua uchochoro wa mwenzake.

Naandika kirefu kwa sababu nimeona watu wengi wanaongea kuhusu singo na udi kama ni pafyumu tu za kienyeji, yani unajipaka unanukia basi. Si hivyo. Kwa yule mama usafi ndo kazi yenyewe, urembo unakuja nyuma yake, na ukikaa pale ukamtazama utaona kila anachofanya kinafuata mpango huo na hakubali mtu auvuruge hata kama ana pesa.

Siku ya kwanza kwa mfano hupakwi kitu. Unaoga. Mdogo wangu alikuwa amejitayarisha kabisa na simu yake apige vidio za hina akaambiwa weka simu, chukua leso, ingia choo cha kuogea. Nyumba ni zile za mawe za zamani, sehemu ya kuoga iko juu ghorofani ndani kwa ndani, na mna birika la kujengwa limepakwa chokaa, ndani yake mna visamaki vidogo vinavyokula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa limetiwa bakuli la kaure ili siku birika likisafishwa visamaki vipate pa kukaa visife. Rafiki zake bi arusi waliotoka Nairobi walishtuka kidogo, samaki kwenye maji ya kuoga jamani! Lakini mtu haingii ndani ya birika. Unateka kwa kata unajimwagia, maji yakishagusa mwili yanakwenda zake hayarudi, na wazee wetu hawaelewi mpaka leo vipi mtu akae ndani ya beseni kubwa na uchafu wake mwenyewe akaita hiyo kuoga. Mimi nakubaliana nao kabisa.

Na hili si jambo la jana. Nenda Gedi pale karibu na Malindi, yale magofu yaliyotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, tembea ndani ya zile nyumba utaona watu walikuwa na vyoo vyao ndani na mahali pa kujitawadhia, na mji ule ulihamwa tangu karne ya 17. Kwa hiyo mtu akiniambia sisi usafi tumeletewa na sabuni za dukani namwambia apande matatu ashuke Gedi akaangalie kwa macho yake.

Turudi kwa bi mkubwa. Maji ya kuoshea mara ya mwisho hatumii ya kisima cha nyumba kwa sababu yana chumvi, sabuni haitoi povu na nywele zinakuwa ngumu, anatumia ya bomba yale yanayotoka visima vya matuta ya mchanga ya Shela, au ya mvua kama anayo. Ana jagi lake la hayo maji peke yake na ole wako mtoto aliguse. Halafu kuna neno analisema siku nzima kumwambia yule msichana anayemsaidia, "kwanda mai, udi nyuma", yani maji kwanza udi baadaye, na anamaanisha. Siku moja tukiwa pale aliingia kastoma amejipulizia pafyumu nzito, unaisikia toka ngazini, na chini yake unasikia jasho la safari ya basi kutoka Mombasa. Bi mkubwa hakumwaibisha, alimvuta pembeni akamwambia mwanangu ndoo (yani njoo) uoge kwanda upumzike kisha tuzungumze, akampa leso kavu na sabuni, na yule dada alipotoka bafuni alikuwa mtu mwingine hata uso umefunguka. Hilo nililipenda sana kwa sababu sehemu nyingi ungesikia watu wanacheka pembeni.

Kuna jambo moja mtu wa nje huwa halijui na linaonyesha vizuri vile watu wetu wanatenganisha hivi vitu viwili. Mjane akiwa kwenye eda, ile miezi 4 na siku 10, hatii manukato, hapaki hina, hatii wanja. Lakini kuoga anaoga, kucha anakata, nywele anachana, hakuna aliyemkataza usafi. Urembo unaweza kuwekwa kando kwa sababu ya huzuni, usafi hauwekwi kando hata siku moja. Bi mkubwa mwenyewe alitueleza kwamba anao wajane wanaokuja kwake kuoshwa nywele tu na kukatwa kucha, na hao hawalipishi.

Sasa singo. Hapa ndo naomba msome taratibu.

Singo yake anaitengeneza mwenyewe, hanunui ile ya pakiti. Mawaridi makavu, asumini makavu, mrehani, manjano kidogo na karafuu kidogo sana, vyote vinatwangwa kwenye kinu, vinachekechwa mara mbili kwa kitambaa chepesi mpaka unga unakuwa laini hauna mchanga. Liwa anaisaga mbali, ana kipande cha msandali na jiwe lake bapa, anadondoshea marashi ya mawaridi kisha anasugua ule mti juu ya jiwe kwa mzunguko, taratibu, mpaka inatoka ile rojo ya rangi ya mchanga, na hapo harufu inajaa chumba kizima bila kuwasha kitu. Anachota unga, anatia liwa, anatia marashi, anakoroga kwa vidole. Nilimuuliza mbona karafuu kidogo hivyo wakati wengine wanatia kwa wingi ili inukie, akaniambia karafuu ikizidi inaunguza ngozi, na bi arusi mwekundu wa kuwashwa hapendezi. Na kabla ya yote alimpaka mdogo wangu tone upande wa ndani wa mkono akamwambia rudi kesho tuone. Naomba kila saluni ya Pwani isikie hilo. Tone dogo, siku moja kabla.

Kesho yake ngozi iko salama, bi arusi kalazwa juu ya mkeka na leso nyeupe chini, akaanza kupakwa toka mabegani kushuka. Inaachwa mpaka inashika, si kukauka kabisa, halafu bi mkubwa anaanza kusugua kwa kiganja, na hapo ndo nongo zinaanza kutoka. Yani zinajikunja vijiti vijiti vya kijivu vinaanguka juu ya ile leso nyeupe, na huyu ni msichana anayeoga asubuhi na jioni, anatawadha mara tano kwa siku, ana sabuni za bei. Bi mkubwa akakung'uta leso akamwonyesha, "waiona hini?", akaendelea na kazi hakusema zaidi. Mgongo peke yake ulichukua muda mrefu kuliko saa nzima ninayopewa saluni za mjini. Viwiko, visigino, nyuma ya magoti, shingoni pale mkufu unapokaa, nyuma ya masikio, hakuna alipoparuka. Alipomwosha kwa yale maji ya Shela ngozi ilikuwa inateleza na rangi yake ni ile ile aliyozaliwa nayo, ila imeng'aa.

Nasema rangi yake ile ile makusudi. Kuna shangazi yetu mmoja alikuja na kikopo cha krimu akasema mtoto atiwe kidogo usoni awe mweupe kwa ajili ya picha. Bi mkubwa alikataa hapo hapo, akasema mkorogo hauingii nyumba hii na akarudisha kikopo mkononi mwa mwenyewe. Mimi nikamshangilia moyoni. Krimu za kujichubua zenye zebaki na hidrokwinoni zimepigwa marufuku Kenya miaka mingi lakini bado zinauzwa chini ya kaunta, zebaki inapita kwenye ngozi inakwenda kuharibu figo, na bado kuna watu wanaita hiyo kumtengeneza bi arusi. Halafu msichana mwenyewe anasimama pale anasikia kwamba uso wake haufai kwa arusi yake mwenyewe. Yule mama alimshika mdogo wangu kidevu akasema mtoto ni mzuri, asumini hajibadilishi rangi. Mashallah, mama yangu machozi yalimtoka.

Hina nayo nina mengi kwa sababu kwetu tuna kidonda. Binamu yangu alichorwa kwenye saluni moja, siitaji wala mji wake sitaji, akawekewa ile piko nyeusi ti ili ikolee haraka kwa sherehe ya jioni. Siku chache baadaye maua yote aliyochorwa yakavimba malengelenge, yani mchoro wenyewe ukasimama mkononi na usaha, na alama zake ziko mpaka leo ukitazama kwa karibu. Zaidi ya hapo, hawezi tena kutia rangi ya nywele maishani kwa sababu mwili ukishaikataa ile kemikali unaikumbuka.

Kemikali yenyewe inaitwa PPD, ndo ile iliyo kwenye rangi nyeusi za nywele, na wachoraji wengi wa piko wanachukua unga wa rangi ya nywele wanauchanganya wanauita hina nyeusi. Hina nyeusi haipo. Jani la mhina linatoa rangi ya machungwa kwanza, kisha linakolea polepole siku moja au mbili mpaka hudhurungi au wekundu mzito, na mtu akikuahidi weusi wa dakika kumi ujue kuna kitu kingine mle. Ulaya sheria inaruhusu PPD kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2 na kwenye ngozi hawairuhusu kabisa. Huku kwetu ukitembea pwani ya Shela au Malindi msimu wa wageni utaona watoto wa watalii wanachorwa nge na papa kwa piko na hakuna anayeuliza ni kitu gani kile. Inaniuma kwa sababu jina la hina yetu ndo linaharibika.

Bi mkubwa hatii piko. Kuna kina dada wanaokuja wanataka ule mchanganyiko wa maua mekundu na mistari myeusi, anawaambia mimi nina nyekundu tu, mweusi nenda kwingine na usiniletee mkono ukivimba. Majani anayanunua makavu, anasaga, anachuja kwa kitambaa ili yasizibe kwenye koni, anakanda kwa ndimu, sukari na chai ya rangi iliyochemka sana, analaza usiku kucha. Mdogo wangu alichorwa alasiri mikono mpaka kiwiko na miguu mpaka juu ya kifundo, akakaa nayo mpaka usiku akilishwa na mama yetu kwa mkono, ikakwanguliwa kwa kisu butu bila maji, ikapakwa mafuta. Asubuhi ilikuwa ya machungwa tu na wenzake wakaanza kusema mbona haikukolea, mama kaibiwa pesa. Siku ya kupamba ilikuwa imekolea hudhurungi ile ya kwelikweli na ilikaa vizuri wiki mbili bila kuwasha hata kidogo. Kwa hiyo pangeni, hina halisi inataka siku mbili kabla, sio asubuhi ya sherehe.

Mchoro wenyewe sasa, nikisema ukweli, ni wa kizamani. Maua makubwa, majani, ncha za vidole zimejazwa. Kama unataka zile nakshi nyembamba za Kihindi au za Dubai yeye hafanyi, na mdogo wangu alitamani kidogo.

Mambo ya nywele za mwili nitayasema kwa heshima lakini nitayasema, maana wasichana wengi wanaogopa kuuliza. Sisi hili liko kwenye dini, kukata kucha, kunyonyoa kwapa na kunyoa sehemu za siri, na kuna hadithi ya Anas kwenye Sahih Muslim kwamba isipite siku 40. Kwa hiyo si mambo ya fasheni wala ya kumfurahisha mume peke yake, ni usafi wa mtu na mwili wake, mwanamume na mwanamke sawa sawa. Bi mkubwa anatumia wax ya sukari, sukari na ndimu na maji kidogo vinachemshwa mpaka rangi ya asali, anaijaribu kwenye mkono wake yeye kwanza ndo anakugusa. Iko nyuma ya pazia, unaingia peke yako, mama mzazi haingii, shangazi haingii. Anayetaka wembe anakuja na wake mpya kwenye karatasi yake, hatumii wa mtu mwingine hata umwambie ni dada yako, na ukimaliza unauweka kwenye kopo la bati mwenyewe. Nimeona vinyozi na saluni nyingi wembe unapita kichwa hadi kichwa na homa ya ini aina ya B inapita kwenye damu kidogo tu isiyoonekana, kwa hiyo hili peke yake kwangu lina thamani kubwa.

Nyuma ya pazia hilo ndo pia anakaa na bi arusi wanazungumza. Sikuwepo, mdogo wangu alinisimulia baadaye, na yale ya ndani hayanihusu wala hayawahusu ninyi, lakini alisema alifundishwa namna ya kujisafisha siku zake na baada yake, asijitie sabuni za manukato ndani wala vitu vya kukaushia vinavyouzwa mitaani, akaambiwa mwili ukitoa harufu mbaya isiyo ya kawaida au ukiwasha huo ni ugonjwa, nenda hospitali usifiche kwa udi. Mama wa umri ule anasema nenda hospitali! Mimi nilitarajia dawa za mizizi wallahi. Na alimwambia mume naye ana wajibu ule ule, apige mswaki, akate kucha, aoge, na akija na jasho la baharini una haki ya kumwambia.

Udi ni mwisho, kama alivyosema. Usiku wa kuamkia kupamba chetezo kinawashwa, makaa yanaachwa yafunikwe na jivu jeupe ndo udi unatiwa, kwa sababu ukitia kwenye moto mkali unaungua unatoa harufu ya kuni. Ana aina mbili, udi wa kupika wa sukari na marashi anaoutengeneza mwenyewe, na vipande vya udi wa mti. Ule wa mti ni ghali na sababu yake ni kwamba mti wenyewe unaota Asia huko, na si kila mti una udi, ni ule ulioumia ukashambuliwa na kuvu ndo unatoa ule utomvu wa kunukia, watu wameikata sana mpaka sasa biashara yake inadhibitiwa kimataifa. Kwa hiyo ukiambiwa kipande ni elfu kadhaa usidhani unaibiwa. Nguo za bi arusi zilitandazwa juu ya tenga, chetezo chini, zikageuzwa geuzwa. Nywele zilizoshwa zikakauka kabisa kwanza ndo zikafukizwa, akasema nywele mbichi zikishika moshi zinanuka ukungu kesho yake.

Hapa ndo nina lalamiko langu kubwa. Chumba cha kufukizia kina dirisha moja dogo na lilikuwa limefungwa ili moshi usitoke. Mdogo wangu ana pumu. Tulimwambia bi mkubwa lakini tulimwambia wakati moshi umeshajaa, na yeye jibu lake la kwanza likawa udi haudhuru mtu. Unadhuru, moshi ni moshi, mtoto alianza kukohoa na kifua kikamkaza ikabidi tumtoe ukumbini na pampu yake. Kusema haki bi mkubwa alipoona vile alihangaika sana, akafungua dirisha na mlango, na nywele akamaliza kuzifukiza kesho yake uwani palipo wazi kwa udi kidogo. Lakini hilo swali angeuliza yeye mwanzo, kama alivyouliza habari za ngozi. Mtu anayepima tone la singo siku moja kabla anaweza pia kuuliza una pumu.

Lalamiko la pili ni kina shangazi. Kule nje ya pazia, wakati wa kusinga, nyumba iko wazi, jamaa wanaingia wanatoka, na kila mmoja ana neno juu ya mwili wa bi arusi, huyu amekonda, huyu mapaja, huyu mbona ana alama mgongoni. Najua ni desturi na wengine wanasema kwa mapenzi, lakini msichana amelala pale na leso moja hana pa kujificha, na bi mkubwa mwenyewe naye alichangia mara moja juu ya unene wa mama yangu mbele ya watu. Hilo halikunifurahisha. Niliomba mlango ufungwe na ulifungwa, ila ilibidi niombe.

Mengine madogo. Ngazi za nyumba ni za mwinuko mkali, bibi yetu hakuweza kupanda. Muda si wa saa, ukiambiwa saa tatu asubuhi hesabu saa nne unusu, na akiwa na maiti wa kuosha mtaani anakwenda huko kwanza na wewe unasubiri, jambo ambalo mimi sikulikasirikia, mtu anayeitwa kuosha wazima na wafu ujue mji unamwamini.

Kikuba cha siku ya kupamba kimejumuishwa kwenye bei na hakikuwa cha mzaha. Asumini zinachumwa jioni bado ni vifumba, zinatungwa pamoja na kilua na mrehani, zinafunguka usiku juu ya kifua cha bi arusi. Wageni wa Nairobi walitaka kununua, hakuna, unaagiza siku moja kabla.

Wanaume msiniulize, kwake hamwingii. Bwana arusi wetu alimalizana na kinyozi wa Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji wa Lamu, na alitoka nadhifu.

Bei sasa kama tulivyolipa sisi. Kusinga mara moja 1,500. Bi arusi kamili, yani kuoga, singo siku tatu, wax, hina ya mikono na miguu, nywele, udi wa kupika na kikuba, ni 14,000. Udi wa mti unalipia mbali kwa kipande na unaonyeshwa kabla hakijatiwa motoni. Ukilinganisha na saluni za Mombasa zinazochukua zaidi ya hiyo kwa mekapu ya siku moja, mimi naona ni haki, ila msimu wa Maulidi na baada ya Ramadhani bei inapanda na orodha ya bei haijaandikwa popote, kwa hiyo kubalianeni mwanzo na mtu wa tatu akiwepo. Anapokea M-Pesa, lakini beba na taslimu.

Weka nafasi mwezi mmoja kabla, zaidi kama ni Shawwal. Ijumaa hafanyi kazi mpaka baada ya swala. Njoo na leso tatu, moja iwe nyeupe, wembe wako, mafuta ya nazi kama ngozi yako imezoea ya nyumbani, na nguo za kufukizwa ziwe zimefuliwa na kukauka juani maana zenye jasho anazirudisha. Na kama bi arusi ana pumu, mwambieni siku ile ya kwanza ya kuoga, na ombeni afukizwe uwani.